Jinsi ya Kumaliza Kitabu Ulichokianza: Mwongozo Kamili kwa Msomaji Mwenye Kazi Zake

Nina rafu ya vitabu vya kuazimisha hapa Moshi, kwenye chumba cha mbele cha duka langu la vifaa vya shule. Kitabu kikirudi, kitu cha kwanza ninachoangalia ni kona za kurasa. Vingi vimekunjwa ukurasa wa 30, wa 40, wa 55, halafu kurasa zote zinazofuata ni safi kabisa, hazijaguswa. Msomaji ananikabidhi huku akiangalia pembeni: "Dada, kitabu ni kizuri, ila muda ndiyo sina."

Wanaoniambia hivyo ni watu ninaowajua, watu wanaopenda vitabu kwa dhati. Baada ya wiki wanarudi kuchukua kingine, nacho kinakwama palepale. Inaniuma, kwa sababu najua kilichokuwa kinawasubiri ukurasa wa 70.

Nimeacha kuamini kwamba muda ndio tatizo la kwanza. Kitabu hukwama kwa sababu kilichaguliwa kwa sifa za mtu mwingine, kisha kikapewa saa ambayo mwili umeshachoka. Yote mawili yanarekebishika. Hatua zinazofuata ndizo ninazowapa wasomaji wangu. Zifuate kwa mpangilio wake, na ya kwanza usiiruke hata kama unaona unajijua.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la shule na penseli. Kalamu ya wino usiitumie kwenye kitabu, hata kama ni chako.
- Raba ya kufutia.
- Kipande cha kadi ngumu cha kuweka kwenye ukurasa. Boksi la dawa ya meno ukilikata linatosha.
- Karatasi ya kaki au kalenda ya mwaka uliopita, kwa ajili ya kujaladia.
- Taa ya sola au ya kuchaji. Umeme ukikatika saa mbili usiku, siku yako ya kusoma isikatike nayo.
- Kopo la chakula lenye mfuniko, kama unatembea na kitabu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na mfuko mbadala hauzuii mvua ya masika. Vitabu vingi vinavyonirudia vimevimba viliharibikia njiani kati ya stendi na nyumbani.
- Saa. Ya simu inafaa kwenye hatua ya 3 tu.

## Hatua ya 1: Vichunguze vitabu vitatu ulivyoviacha

Kumbuka vitabu vitatu vya mwisho ulivyoanza ukaviacha. Kwa kila kimoja andika mambo manne: nani alikuchagulia, uliachia karibu na ukurasa gani, ulikuwa unasoma saa ngapi, na kilichotokea siku uliyoacha.

Jibu la "nilichoka" halitoshi. Andika tukio lenyewe. Mgeni alikuja? Majina ya wahusika yalikuchanganya? Ulisinzia? Ulifika kwenye maelezo marefu ya shamba au ya vita?

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba kila mtu ana namna yake ya kukwama, na dawa hutofautiana. Fundi cherehani mmoja wa Majengo alikuwa ameshajiona mvivu. Tulipoandika vitabu vyake vitatu, vyote vilikuwa vya kufundisha mafanikio, vyote vilichaguliwa na kaka yake, na vyote alivisoma kitandani. Nilimpa riwaya fupi ya upelelezi. Aliirudisha baada ya siku sita akiulizia ya pili ya mwandishi yuleyule.

Utajua umefaulu ukiona jambo moja limejirudia angalau mara mbili kati ya vitabu vitatu. Lizungushie duara.

## Hatua ya 2: Chagua kitabu ukiwa umesimama

Hapa ndipo vitabu vingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unaposimama mbele ya meza ya vitabu vya mitumba au rafu za maktaba ya mkoa, usisome jalada la nyuma kwanza. Maneno ya pale yameandikwa ili ununue. Fungua ukurasa wa kwanza, usome aya mbili. Kisha fungua katikati, popote pale, usome ukurasa mzima. Kurasa za mwanzo mwandishi huzing'arisha. Katikati ndipo utakapoishi naye kwa wiki mbili au tatu. Ukurasa wa katikati ukikufanya utake kujua huyu anayesemwa ni nani na amefanya nini, chukua. Ukijikuta unarudia mstari mmoja mara tatu, rudisha, hata kama mwalimu wako wa zamani alikisifu.

Baada ya hapo linganisha umbo la kitabu na umbo la muda wako. Jambo hili sijasikia likisemwa vya kutosha. Kuna mama anauza ndizi soko la Mbuyuni ambaye nafasi yake ni dakika nne hapa, dakika saba pale, kati ya mteja na mteja. Alikuwa anachukua riwaya zenye sura za kurasa 30. Kila akifungua alikuwa katikati ya jambo asilolikumbuka. Nilimpa mkusanyo wa hadithi fupi, tena zile za kurasa tano au sita. Sasa anamaliza hadithi nzima kabla ya saa nne asubuhi, na jioni anaisimulia kwa wenzake wakifunga meza.

Kwa hiyo:

- Muda wako ni wa vipande vifupi? Hadithi fupi, mashairi, au riwaya yenye sura zisizozidi kurasa kumi.
- Unapata nusu saa tulivu kila siku? Riwaya yoyote, ila ya kwanza isizidi kurasa 180.
- Unapata saa mbili mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya ibada? Tawasifu na vitabu vya historia. Kila sura ya maisha ya mtu hujisimamia, hivyo wiki ikipita hujapotea sana.

Kuhusu vitabu vya mafanikio na biashara, vinaombwa kuliko vyote kwenye rafu yangu, na ndivyo vinavyoongoza kurudi na kona iliyokunjwa mapema. Ushauri wangu ni kuvisoma kama unavyotumia daftari la mapishi. Tafuta sura inayohusu shida uliyonayo leo, isome, ijaribu. Si lazima uanzie mwanzo. Kama unataka kujifunza kukaa na kitabu mpaka mwisho, anza na kisa.

Tahadhari kwa vitabu vya mitumba. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye namba za kurasa. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na gundi ikizeeka fungu zima huchomoka. Ukikuta ukurasa wa 112 umefuatwa na wa 129, kirudishe mezani. Angalia pia ukubwa wa herufi. Herufi za kubana zikikutesa mchana, usiku hutaziweza.

Utajua umefaulu ukiondoka na kitabu kimoja. Ukibeba vitatu, utavionja vyote na kuviacha vyote.

## Hatua ya 3: Pima mwendo wako, na macho yako

Jaladia kitabu, kaa mahali penye mwanga, soma kwa dakika kumi kwa mwendo wako wa kawaida. Hesabu kurasa. Fanya hivyo siku tatu, uchukue wastani.

Tuseme umepata kurasa 5 kwa dakika kumi. Ukisoma dakika 20 kila siku, ni kurasa 10. Riwaya ya kurasa 180 itakuchukua siku 18. Ukipata kurasa 4, utasoma 8 kwa siku, na kitabu kilekile kitachukua siku 23. Mimi huazimisha kwa wiki tatu, yaani siku 21. Mtu wa kurasa 8 ninamwongezea muda tangu mwanzo, maana hana kosa lolote. Nawe ukienda kuazima maktaba, uliza mapema muda wa kurudisha na utaratibu wa kuongezewa, uupange mwendo wako kwa hesabu hiyo.

Sababu ya kupima ni kuondoa hofu. Kitabu kinene kinatisha kwa sababu hujui kitaisha lini. Ukiandika tarehe kwenye daftari, kinakuwa kazi yenye mwisho.

Wakati unapima, angalia pia unakishika kitabu umbali gani. Kama una miaka 40 na kuendelea, na unajikuta unakisogeza mbali ili herufi zitulie, au kichwa kinauma baada ya kurasa tatu, kapime macho. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya macho. Mwalimu mmoja mstaafu alinieleza kwa huzuni kwamba hamu ya kusoma imemtoka uzeeni. Hamu haikuwa imemtoka. Alihitaji miwani ya kusomea. Usinunue miwani ya barabarani kwa kubahatisha, kwa sababu macho mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana.

## Hatua ya 4: Kipe kitabu saa yake na kiti chake

Kitandani usiku ndipo wengi wanaposomea, na ndipo vitabu vingi vinapofia. Mwili umezoea kwamba kitanda ni cha kulala. Ukilala nacho utasoma ukurasa mmoja, kesho utausoma tena kwa sababu huukumbuki, na keshokutwa utaamini kitabu kinachosha.

Tafuta saa nyingine. Zilizowafaa wasomaji wangu ni hizi:

Alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Dakika 20 za saa kumi na moja zina thamani kuliko saa nzima ya usiku. Juni na Julai baridi ya Moshi inakaza, basi jifunge shuka na uandae chai kwenye chupa tangu usiku.

Stendi, wakati Haisi inajaza. Gari halitoki mpaka lijae, na wewe umeshakaa dirishani. Hizo ni dakika 15 au 20 za bure. Likianza kutembea, funga kitabu. Kati ya Moshi na Arusha ni kama kilomita 80 zenye matuta, na watu wengi hupata kichefuchefu wakisoma garini, kwa sababu macho yanaona ukurasa uliotulia huku masikio ya ndani yakihisi mwendo. Nimepoteza wasomaji wazuri kwa jambo hili. Walikichukia kitabu kwa kosa la barabara.

Baada ya chakula cha mchana kazini, kabla wenzako hawajarudi.

Chagua moja tu. Kiti nacho kiwe kilekile. Waambie wa nyumbani kwa upole: "Mama, nikikaa pale nje saa kumi na moja, nasoma, nitaingia saa kumi na mbili kasorobo." Nyumba nyingi mtu akisoma peke yake huonekana hana kazi au amenuna. Ukisema mapema, na usiku ukiwasimulia kilichotokea kwenye kitabu, watakulinda wao wenyewe. Nimeona bibi akiwafukuza wajukuu: "Mwacheni amalize, anatakiwa kutuambia kama yule binti alipatikana."

Utajua umefaulu ukikaa kwenye kiti hicho siku nne mfululizo, hata kama siku moja umesoma kurasa mbili tu.

## Hatua ya 5: Vuka kurasa 50 za kwanza

Kona nyingi hukunjwa hapa. Sababu ni kwamba kila kitu bado ni kigeni: majina, mji, lugha ya mwandishi. Unafanya kazi nyingi na malipo hayajaanza. Kuna mambo matatu ya kufanya.

*Kaa mara moja kwa muda mrefu.* Siku ya kwanza usisome dakika 20. Tenga saa nzima, siku ya mapumziko, ufike angalau ukurasa wa 25. Ukianza kitabu kwa vipande vya kurasa tatu tatu, hakipati nafasi ya kukushika.

*Andika majina.* Ukurasa mmoja wa daftari uwe wa wahusika: jina, ni nani kwa nani, ukurasa aliotokea. Mistari minane inatosha kwa riwaya nyingi.

*Shughulikia maneno bila kusimama.* Sehemu hii inatuhusu sana sisi wa huku. Riwaya nyingi za Kiswahili zimeandikwa na watu wa pwani na visiwani. Msomaji aliyekulia Kibosho au Marangu, huku Kilimanjaro, anajua vizuri kihamba (shamba la ukoo) na mbege (pombe ya ndizi), halafu anakutana na kusi na kaskazi, anadhani mwandishi anasema pande za dunia. Hapo zinasemwa pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Majahazi yalikuja kwa upepo mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukilijua hilo, mhusika akisema "nitaondoka kusi ikianza", unajua amebakiza miezi mingapi.

Maneno yanayotatiza zaidi ni yale unayodhani unayajua. Baraza kwetu ni la kata au la mawaziri. Kwenye riwaya ya Unguja mara nyingi ni kile kikao cha mawe mbele ya nyumba, wanapokaa watu jioni kuzungumza. Mtoto wa miaka sita anayekwenda chuoni hajafika chuo kikuu, anakwenda kusoma Kurani. Na mwanamke wa pwani akimwita mwenzake shoga, anamwita rafiki yake wa kike, kwa mapenzi, wala hamtukani. Binti mmoja alinirudishia kitabu kwa hasira kwa neno hilo tu. Nilipomweleza alikaa palepale dukani akasoma kurasa 20.

Utaratibu ni huu. Ukikutana na neno usilolijua, weka nukta ndogo ya penseli pembeni, endelea. Likirudi mara ya tatu, liandike kwenye daftari, ulitafute kwenye kamusi siku hiyo jioni. Ukifungua kamusi kwa kila neno, kisa kinakufa mikononi mwako. Usipoifungua kabisa, utafika ukurasa wa 60 ukiwa kwenye ukungu.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu, kwa sentensi tatu, nani anataka nini na nani anamzuia.

## Hatua ya 6: Simu ikae chumba kingine

Kuiweka kimya haitoshi, kwa sababu unajua iko pale. Iweke mbali na kiti, uvae saa ya mkono. Kama unasoma kitabu kwenye simu yenyewe, zima data kabla hujafungua. Bando nalo litabaki.

## Hatua ya 7: Ukurasa wa 50, amua kwa sauti

Ukifika hapo, simama. Jiulize: kesho nikikinyang'anywa kitabu hiki, nitajali?

Ukijibu ndiyo, endelea. Ukijibu hapana, na umefanya hatua ya 4 na ya 5 kwa uaminifu, kirudishe bila aibu. Andika kwenye daftari sababu moja: "maelezo mengi, mazungumzo machache," au "sipendi visa vya kulipiza kisasi." Sababu kama tano zikikusanyika, utajua ladha yako kuliko mtu yeyote anayekushauri, mimi nikiwemo. Nina msomaji ambaye baada ya vitabu vinne aligundua anapenda visa vinavyosimuliwa na mhusika mwenyewe, kwa "mimi". Siku hizi hufungua ukurasa wa kwanza, anatafuta nafsi hiyo, anaamua kwa dakika moja.

Tahadhari: usiache kitabu kwa kukiacha kitandani kikifunikwa na nguo. Kinakuwa deni, na deni hilo linakuzuia kuanza kingine. Kirudishe kwa mkono wako.

## Hatua ya 8: Ukikatika, rudi kurasa tano nyuma

Utakatika. Msiba, mtoto kuugua, mavuno. Desemba ndiyo mbaya zaidi kwetu, ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na nyumba inajaa mpaka Januari. Usipange kumaliza kitabu kinene mwezi huo.

Ukirudi baada ya wiki mbili, usianze mwanzo. Wengi hufanya hivyo, nao hukwama mara ya pili palepale. Soma orodha yako ya majina, rudi nyuma kurasa tano tu, usome dakika kumi. Kumbukumbu hurudi yenyewe, mara nyingi kabla hujafika ulipoachia. Isiporudi, rudi mwanzo wa sura ile, basi.

## Hatua ya 9: Kukimaliza na kukirudisha

Kurasa 30 za mwisho zisome kwa kikao kimoja. Omba ruhusa nyumbani, acha sahani zisubiri. Mwisho wa kisa ukisomwa vipande vipande hupoteza nguvu yake, nawe umeufanyia kazi wiki tatu.

Kisha fanya haya siku hiyohiyo. Andika kwenye daftari tarehe na mstari mmoja wa maoni yako. Futa nukta zote za penseli. Nyoosha kona yoyote iliyokunjwa. Mwisho, ndani ya jalada la nyuma, kwa penseli nyepesi, andika namba ya ukurasa ambao kitabu kilikukamata, ule uliokufanya usahau chai. Kama ni cha maktaba usiandike ndani. Andika kwenye kikaratasi umpe anayekipokea.

Anayefuata akifungua, atajua avumilie mpaka wapi. Vya kwangu vimeanza kujaa namba hizo. Kuna riwaya moja ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikirudi imekunjwa ukurasa wa 40. Sasa ndani ya jalada lake, kwa miandiko mitatu tofauti, pameandikwa 61, 58, 63.